Mwongozo kamili: namna ya kunyanyua pikapu yako Marekani bila kugombana na sheria ya jimbo

Huu mwongozo ni kwa ndugu zetu mnaoishi Marekani, mliopo Texas, Ohio, North Carolina, Virginia, California na kwingineko, ambao mna pikapu au jipi na mnataka kuinyanyua iwe juu, au mmeshanyanyua tayari na sasa mnasumbuliwa na polisi au na kituo cha ukaguzi.

Nimeona watu wengi sana wanakosea sehemu ileile. Mtu anaanza kwa kununua lifti, yani vile vifaa vya kunyanyulia gari, anafunga, anaweka tairi kubwa, anapiga picha anamtumia shemeji yake Mwanza, halafu ndo anakuja kuuliza sheria inasemaje. Hapo ameshalipa fundi na pesa hairudi. Utaratibu sahihi ni kinyume chake kabisa: unapima kwanza, unasoma sheria, unapiga hesabu kwenye karatasi, alafu ndo unatoa kadi ya benki.

Kitu kimoja cha kujua kabla hatujaanza. Hakuna sheria moja ya Marekani nzima inayosema gari linyanyuliwe mwisho inchi ngapi. Kila jimbo limejipangia lenyewe, na sio namba tu zinazotofautiana, hata KITU kinachopimwa kinatofautiana. Jimbo hili wanapima bampa, jirani yao wanapima fremu (chasisi), mwingine anapima fenda, lile bati la juu ya tairi. Ukilielewa hilo umeshamaliza nusu ya shida.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia ya chuma, yenye inchi
- Ubao ulionyooka au rula ndefu, na uzi wenye kizito mwishoni kama ule wa fundi mwashi
- Kipimo cha upepo wa tairi
- Daftari na kalamu, na simu ya kupigia picha
- Kadi ya usajili wa gari na karatasi ya bima
- Sehemu tambarare kwelikweli, sakafu ya gereji ni bora kuliko barabara ya mtaani kwako maana barabara nyingi zimeinamishwa pembeni ili maji yatiririke
- Chaki au tepu ya kubandika ukutani, kwa ajili ya taa

Fundi na vifaa vya kufungia tutavifikia huko mbele, usiviwaze saizi.

## Hatua ya 1: Soma stika ya kwenye mlango wa dereva

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo pale mlango unapofungia. Kuna stika yenye herufi GVWR na namba ya paundi. Hiyo ni uzito wa juu kabisa ambao kiwanda kimeruhusu gari iwe nao ikiwa na watu, mafuta na mzigo. Sio uzito wa gari ikiwa tupu.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba majimbo mengi yamepanga urefu kwa makundi ya uzito huo. Kundi la kawaida linaishia paundi 4,500 (kama kilo 2,041), linalofuata linaanzia 4,501 mpaka 7,500, alafu juu ya hapo. Ukikosea kundi, kila kitu utakachofanya baada ya hapo kitakuwa kimekosewa.

Tahadhari: Florida hawatumii GVWR kwenye sheria yao ya bampa, wanatumia uzito halisi wa gari, ule wa kwenye usajili. Kwahiyo soma jimbo lako linataja uzito upi, usifikirie uzito wote ni mmoja.

Umefanikiwa kama daftarini una namba mbili: GVWR ya kwenye mlango na uzito halisi.

## Hatua ya 2: Jua jimbo lako linapima nini

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka, na ndo inayowagharimu. Ingia kwenye tovuti ya bunge la jimbo lako au ya idara ya magari, zile zinazoishia na .gov, tafuta kwa Kiingereza maneno "bumper height" au "frame height" pamoja na jina la jimbo. Usitegemee video ya kijana anayeuza lifti. Yeye anauza.

Nakupa mifano ya majimbo ambayo watu wetu wapo wengi, uone jinsi yanavyotofautiana.

Ohio (kifungu 4513.021 na kanuni zake) wanapima bampa. Gari ndogo ya abiria mwisho ni inchi 22. Pikapu yenye GVWR ya paundi 4,500 kushuka chini, mbele mwisho 24 na nyuma 26. Kuanzia 4,501 mpaka 7,500 ni mbele 27 na nyuma 29. Kuanzia 7,501 mpaka 10,000 ni mbele 28 na nyuma 31.

Virginia (kifungu 46.2-1063) nao wanapima bampa ila namba zao ni za juu kidogo. Pikapu ya 4,500 kushuka ni 28 mbele na 28 nyuma. Ya 4,501 mpaka 7,500 ni 29 na 30. Ya 7,501 mpaka 15,000 ni 30 na 31. Na Virginia kuna ukaguzi wa usalama kila mwaka, kwahiyo hata usipokutana na polisi utakutana na mkaguzi.

California (kifungu 24008.5) hawahangaiki na bampa, wanapima fremu, yani kutoka ardhini mpaka sehemu ya chini kabisa ya fremu. Gari ya abiria inchi 23. Pikapu ya mpaka 4,500 ni 27, ya 4,501 mpaka 7,500 ni 30, ya 7,501 mpaka 10,000 ni 31. Alafu wameongeza kitu kingine, sakafu ya bodi isiwe juu ya fremu zaidi ya inchi 5. Hiyo inawabana wale wanaonyanyua bodi peke yake kwa vipande vya plastiki.

Texas sheria ya jimbo haina kikomo cha lifti yenyewe. Ndo maana Houston na Dallas unaona pikapu kama ghorofa. Ila taa za mbele lazima ziwe kati ya inchi 24 na 54 kutoka ardhini, na ukinyanyua sana taa ndo zitakukamatisha. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025 Texas walifuta ukaguzi wa usalama kwa magari binafsi, wengi wakadhani sasa ruksa kila kitu. Hapana. Walichofuta ni ukaguzi, sheria za vifaa vya gari zipo palepale na polisi anaweza kukusimamisha. Na kaunti kubwa kama Harris, Dallas, Tarrant na Travis bado wanapima moshi.

North Carolina (kifungu 20-135.4) kuanzia tarehe 1 Desemba 2021 wanaangalia fenda. Fenda ya mbele ikiizidi ya nyuma kwa inchi 4 au zaidi, umevunja sheria. Huu ndo ule mtindo wa kuinua pua na kushusha mkia, wenyewe wanauita skwati ya Carolina. Ukikutwa na hatia mara 3 ndani ya mwaka mmoja leseni inafutwa kwa angalau mwaka. Virginia walifuata Machi 2022 kwa kipimo hichohicho cha inchi 4, South Carolina Novemba 2023, na Tennessee Julai 2024. South Carolina faini zinaanzia dola 100, mara ya pili 200, mara ya tatu 300 na leseni inasimamishwa miezi 12.

Hapa naomba niseme wazi. Nina ndugu wengi wanaoendesha malori, leseni ndo jembe lao. Kupoteza leseni ya mwaka mzima kwa sababu ya pikapu ya wikiendi ni hasara ambayo familia nzima italipa, hapa na nyumbani. Na hii skwati sheria haikuiandama bure, gari ikiwa imeinua pua dereva haoni mtoto aliyesimama mbele ya bampa, na taa zinaangaza angani badala ya barabarani. Kama unayo, irudishe. Usitafute njia ya kuipitisha.

Umefanikiwa kama unaweza kusema kwa sentensi moja: jimbo langu linapima kitu hiki, kundi langu ni hili, namba yangu ya mwisho ni hii.

## Hatua ya 3: Pima gari yako ilivyo sasa hivi, kabla ya kugusa chochote

Jaza upepo wa tairi kama stika ya mlango inavyosema. Toa mizigo yote nyuma. Tairi zilizopungua upepo zinaweza kukupa namba ya uongo.

Paki kwenye sakafu tambarare, usukani umenyooka. Sogeza gari mbele na nyuma kidogo alafu iache, ili springi zikae sawa.

Sasa piga magoti. Weka ncha ya tepu sakafuni, isimamishe wima kabisa, usiilaze. Pima:

1. Bampa ya mbele, ukingo wa chini, kulia na kushoto na katikati. Andika na ukingo wa juu pia, maana kila jimbo limeeleza kivyake bampa inapimwa ukingo upi.
2. Bampa ya nyuma, hivyohivyo.
3. Fremu sehemu ya chini kabisa, katikati ya tairi za mbele na za nyuma. Sio difu, sio egzosi, ni fremu.
4. Fenda zote 4. Ning'iniza uzi upite katikati ya rimu, pima kutoka sakafuni mpaka ukingo wa chini wa fenda palepale uzi ulipopita.
5. Katikati ya taa ya mbele, na katikati ya taa ya nyuma.

Sasa kuna kosa moja ambalo sisi tuliokulia sentimita tunalifanya karibu wote, na nimelishuhudia kwa macho yangu. Kuna kaka mmoja Mkongo hapa Ohio, alihama kutoka Texas na Silverado yake ikiwa imenyanyuliwa, akashusha lifti ili aingie kwenye kipimo, akapima bampa ya mbele akaniambia "ni 26.9, nipo ndani". Tukaenda kwenye gereji yake tukapima wote. Ncha ya tepu sakafuni, kidole chake kwenye mstari, akahesabu vimistari baada ya 26... saba, nane, tisa. Ndo akasema 26.9. Ile tepu ya hapa inchi moja imegawanywa mara 16, sio mara 10! Mistari 9 ni 9 ya 16, yani 26.56. Hapo alikuwa amejionea tu gari iko juu kuliko ilivyo. Ila tulipogeuka nyuma kosa likamgeukia, alikuwa ameandika 29 kamili kwa sababu alianzia kuhesabu kwenye kile kichuma cha mwanzo kilichopinda badala ya kukigusisha chini, na ukweli ilikuwa 29 na mistari 6, ambayo ni karibu inchi 29.4. Kikomo ni 29. Alikuwa anaendesha miezi miwili anaamini yuko salama.

Kwahiyo: hesabu mistari, gawanya kwa 16, ndo upate desimali. Mistari 4 ni 0.25, mistari 8 ni 0.5, mistari 12 ni 0.75. Na ncha ya tepu iguse sakafu kweli.

Piga picha kila kipimo tepu ikionekana. Hizi picha utazihitaji baadae.

## Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya kununua

Tairi kubwa nayo inanyanyua gari, watu wanaisahau. Inanyanyua kwa NUSU ya tofauti ya kipenyo. Tairi ya 265/70R17 ina kipenyo cha kama inchi 31.6. Ukiweka ya 33 tofauti ni 1.4, gari inapanda 0.7. Ukiweka ya 35 inapanda 1.7.

Mfano. Pikapu ipo Ohio, GVWR 6,800, kikomo mbele 27. Bampa ya mbele sasa ni 22.5. Nafasi iliyobaki ni 4.5. Toa 0.7 ya tairi ya 33, unabaki na 3.8. Toa nusu inchi ya akiba, kwa sababu springi mpya huwa zinakaa juu mwanzoni na tepu ya polisi inaweza isikubaliane na yako. Unabaki na 3.3. Maana yake unanunua lifti ya inchi 3. Ukinunua ya 4 kwa sababu ilikuwa na punguzo, umenunua matatizo.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa nyuma, alafu kwa taa za mbele. Viwango vya kitaifa vya kiwandani vinataka taa ya mbele iwe kati ya inchi 22 na 54, ya nyuma kati ya 15 na 72, na majimbo mengi yanafuata hapohapo au karibu na hapo. Ukiwa na gari kubwa tayari, taa inaweza kufika kikomo kabla ya bampa.

Kama unavuka kwenda jimbo lingine mara kwa mara, tumia kikomo cha jimbo lililo kali zaidi kwenye njia yako.

## Hatua ya 5: Chagua aina ya lifti

Zipo za aina tatu na sitazungumza sana hapa.

Ya kusawazisha, wenyewe wanaita leveli. Inapandisha mbele tu, kama inchi 2 hivi, kwa sababu pikapu kiwandani zinatoka mkia ukiwa juu kidogo. Kwa mtu wa kawaida hii inatosha na ndo rahisi kuwa halali. Ila kwa North Carolina na wenzake pima fenda baada ya kufunga, na pima tena ukiwa na mzigo. Wale mnaojaza mapipa ya kusafirisha nyumbani mkia unashuka, na gari iliyokuwa sawa inaanza kuonekana skwati. Sheria inazungumzia mabadiliko uliyofanya, sio mzigo, lakini polisi anayekuja nyuma yako haoni ulichofanya, anaona pua iko juu.

Ya bodi, inaweka vipande kati ya bodi na fremu. Fremu inabaki chini, kwahiyo kwa California inaweza kukusaidia kwenye kipimo cha fremu, lakini kumbuka ile inchi 5 ya sakafu.

Ya sespensheni, inabadilisha springi, shokapu na mikono inayoshikilia tairi. Hii ndo bora kwa njia mbaya na ndo inayohitaji fundi anayejua anachofanya.

Usichanganye mbili ili upate urefu mkubwa kwa bei ndogo. Kuweka vipande juu ya vipande, hasa chini ya springi za mbele, ni hatari na majimbo kadhaa yanakataza.

## Hatua ya 6: Kufunga, na vitu ambavyo haviruhusiwi kuguswa

Peleka kwa fundi mwenye leseni ya biashara na risiti. Sheria ya shirikisho, kifungu 30122 cha usalama wa magari, inamkataza fundi wa biashara kuzima kwa makusudi kifaa cha usalama kilichowekwa na kiwanda. Inamhusu fundi, muuzaji na kiwanda. Fundi akikwambia "hii taa ya dashibodi nitaizima tu isikusumbue", toka hapo.

Magari mepesi yote kuanzia modeli ya 2012 yana ESC, yani mfumo unaozuia gari kuteleza na kupinduka. Gari iliyonyanyuliwa inapinduka kirahisi zaidi kwa sababu uzito umepanda juu, kwahiyo huo mfumo unauhitaji kuliko mwanzo.

Mwambie fundi akague haya, na usimame hapo akikuonyesha:

- Mipira ya breki isivutike. Pinda usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, mpira lazima ubaki na ulegevu
- Boljointi na tairodi, vile viungo vya tairi na usukani, zisikae kwenye pembe kali
- Propela isigonge kitu gari ikinyanyuliwa na jeki
- Tairi isikwaruze fenda ukipinda huku sespensheni imebonyea
- Alaimenti, yani kunyoosha tairi, ifanyike na upewe karatasi yake
- Kamera na rada ya mbele, ile ya kufunga breki yenyewe, ipangwe upya. Imepanda juu na inaangalia pembe nyingine

Kuhusu moshi: kutoa katalitiki (kisafisha moshi cha kwenye egzosi), kufuta mfumo wa DEF (dawa ya kusafisha moshi wa dizeli) au kuziba EGR (inayorudisha moshi kwenye injini) kumekatazwa na Sheria ya Hewa Safi nchi nzima, hata kwenye jimbo lisilopima moshi. Haihusiani na lifti lakini mafundi wengi wanakuuzia kama kifurushi kimoja. California wamekwenda mbali zaidi, kifaa chochote kinachogusa injini au moshi kinatakiwa kiwe na namba ya EO, yani kibali, iliyotolewa na CARB, bodi ya hewa ya jimbo hilo. Hakina namba, hakipiti.

Baada ya maili 50 mpaka 100 rudi kaza nati za rimu kwa spana ya kipimo. Nati mpya zinalegea, na tairi ya 35 ikichomoka kwenye barabara kuu inaua mtu asiyekujua.

## Hatua ya 7: Taa, fenda na madigadi

Ukinyanyua gari taa zinanyanyuka na wewe, zinawapiga watu machoni. Hii ndo sababu ya kwanza ya kusimamishwa usiku, na ni dakika 20 tu kuirekebisha.

Sogeza gari karibu kabisa na ukuta, weka alama ya chaki usawa wa katikati ya kila taa. Rudi nyuma futi 25, kama mita 7 na nusu. Washa taa za chini. Pale mwanga unapokatika kwa juu panatakiwa pawe kama inchi 2 chini ya alama yako. Kama pako juu ya alama zungusha skrubu nyuma ya taa mpaka pashuke.

Zile taa ndefu za LED za juu ya paa usiziwashe barabarani, majimbo mengi yanakataza na mengine yanataka zifunikwe. Taa nyekundu au bluu mbele usiweke kabisa, za bluu na nyekundu ni za polisi na gari za dharura.

Tairi isitoke nje ya fenda. California na Pennsylvania ni kati ya majimbo yanayotaka fenda ifunike tairi, kwa sababu tairi iliyochomoza inarusha mawe na maji kwenye kioo cha wa nyuma. Rimu ikikusukumia tairi nje nunua vipanuzi vya fenda, na weka madigadi, yale mapazia ya mpira nyuma ya tairi.

## Hatua ya 8: Rekebisha spidi mita

Tairi kubwa inazunguka mara chache kwa maili moja, kwahiyo spidi mita inasoma chini ya ukweli. Ukitoka tairi ya 31.6 kwenda ya 35, dashibodi ikisema 65 wewe upo 72. Unapewa tiketi ya mwendo kasi na unabishana na polisi kwa dhati kabisa ukiamini anakuonea.

Fundi mwenye kompyuta anabadilisha ukubwa wa tairi kwenye mfumo. Hakikisha kwa GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka. Ukiwa 60 kwenye dashibodi na simu nayo inasema 60 au karibu sana, umemaliza. Odomita nayo inakuwa imerekebika, na hiyo ni muhimu siku ya kuuza.

## Hatua ya 9: Pima tena na upigie bima

Rudia hatua ya 3 yote, palepale, tepu ileile. Rudia tena baada ya wiki kadhaa maana springi zinakaa. Weka karatasi moja kwenye gari yenye: vipimo vya kabla, vipimo vya baada, kifungu cha sheria cha jimbo lako, risiti ya fundi na karatasi ya alaimenti.

Alafu piga simu bima. Waambie umenyanyua gari, waambie umebadilisha tairi na rimu, omba wakuandikie. Bima nyingi vifaa ulivyoongeza vina kikomo kidogo cha fidia mpaka ulipie nyongeza, na ukificha, siku ya ajali kampuni inaweza kubishana na dai lako. Hii simu watu wanaiogopa wakidhani bei itapanda. Inaweza kupanda. Bado piga.

## Hatua ya 10: Kabla ya kuvuka mpaka wa jimbo

Nimeulizwa mara nyingi sana "si gari yangu ina plati ya Texas, Virginia watanifanya nini?" Plati haikulindi kila mahali. Sheria ya California kwa mfano inasema hakuna mtu atakayeendesha gari iliyozidi kipimo, haijasema gari iliyosajiliwa California. Majimbo mengine yana namna yao ya kuwatazama wageni, kwahiyo isome kabla ya kwenda harusi au msiba wa jimbo la mbali, kama unavyokagua mafuta.

Na ukihamia, usikimbilie kubadilisha plati kabla hujapima. Pima ukiwa bado na plati za zamani, rekebisha, ndo uende kukaguliwa.

## Hatua ya 11: Polisi akikusimamisha

Zima injini, mikono kwenye usukani, washa taa ya ndani kama ni usiku. Usishuke, hapa sio kama nyumbani ambako unashuka kwenda kuongea na afande, hapa kushuka kunamtisha.

Akisema gari iko juu sana, muulize kwa adabu amepima nini na kifungu gani. Mwambie una karatasi ya vipimo kwenye droo na uombe ruhusa kabla ya kupeleka mkono huko. Usibishane pale barabarani hata ukiwa na haki, mahali pa kubishania ni mahakamani.

Akikupa tiketi ukatakiwa kusaini, saini. Majimbo mengi saini ni ahadi kwamba utajibu au utafika, sio kukubali kosa. Kama Kiingereza kinakupa shida mahakamani omba mkalimani wa Kiswahili mapema, unapopiga simu ya kwanza kwa karani.

Soma tiketi inasema nini. California kuna zile za kurekebisha: unatengeneza kasoro, ofisa anasaini kwamba imetengenezwa, unalipa dola 25 mahakamani na inafutwa. Majimbo mengine unakwenda na risiti ya fundi na picha mpya zenye tepu. Kitu usichotakiwa kufanya ni kuikunja na kuiweka kwenye droo, tiketi isiyojibiwa inaweza kusimamisha leseni na utajua siku umesimamishwa kwa kitu kingine.

Kama ulipimwa hapohapo barabarani, piga picha eneo ukiwa umeruhusiwa kuondoka, ionekane kama lami ilikuwa imeinama au gari ilikuwa imekaa kwenye changarawe. Alafu nenda moja kwa moja kwenye sakafu yako tambarare, upepo wa tairi uleule, pima tena kabla hujagusa chochote.